Wimbo wa Kumkamia Ng'ombe Mwekundu

Asifiwe Mungu aliyeiumba sauti kabla ya sikio, maana alisema, ndipo vitu vyote vikawa. Amenipa miaka mingi kuliko niliyoomba, na masikio ambayo bado yanasikia mvua ikija kutoka upande wa msitu. Basi nitasimulia habari za wimbo mmoja. Namshukuru kwa huo pia, ingawa haumo katika kitabu chochote cha kanisa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikuwa na kipande cha majani chai, mahindi nyuma ya nyumba, na ng'ombe mmoja mwekundu wa gredi aliyekuwa akikamwa. Aliyemkama ni mke wangu. Yeye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, kwa wazazi waliokuja kutoka nyanda za magharibi kutafuta kazi, na kanisa lao lilikuwa na kitabu chake cha nyimbo. Jioni nikirudi kutoka kituo cha kupimia majani, nilimsikia zizini akiimba midomo ikiwa imefungwa, polepole, sauti ikipanda kidogo kisha ikishuka kama mtu anayeteremka kilima na mzigo. Nilijiambia kwamba huo ni wimbo wa sifa wa kwao. Nilipita kimya nisimkatize katika ibada yake.

Kiangazi kimoja tumbo lilimshika ghafla, tukampeleka hospitali ya Kapkatet, akapasuliwa. Nyumbani alibaki mtoto wetu wa mwisho, ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Mama yangu mzazi alikuja kumlea. Mimi nikachukua ndoo nikaingia zizini.

Ng'ombe alinikataa. Nilimpa majani ya nepia, nikamwosha chuchu kwa maji ya moto, nikampaka mafuta. Akabana maziwa yote, nikatoka na kiasi cha kufunika kitako cha ndoo. Majirani walitusaidia siku za kwanza, lakini nyasi zilikuwa zimekauka na ng'ombe wao pia walitoa kidogo. Mtoto alilia, akinyonya kidole. Na kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe asiyekamwa vizuri hukauka mapema. Huyu akikauka, mtoto angekunywa nini mpaka mvua irudi?

Ndipo nikaukumbuka wimbo wa mke wangu. Sikuujua vizuri, kwa hiyo nikaleta kitabu chetu nikaanza kumwimbia nyimbo zetu, moja baada ya nyingine. Za Krismasi, za Pasaka, za meza ya Bwana. Kwenye ule ninaoupenda kuliko zote akaipiga ndoo teke ikaviringika hadi kwenye mlango.

Mama alikuwa amesimama nje na mtoto mgongoni. "Hata wa mazishi umemwimbia?"

"Huo pia."

"Basi atadhani ameshakufa. Nenda umuulize mwenye ng'ombe."

Kesho yake nilivaa koti langu la kanisani nikaenda hospitali. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto. Kabla hata ya salamu akauliza, "Mtoto anakunywa?"

Nikamwambia ukweli. Kisha nikauliza, "Mama watoto, ule wimbo unaomwimbia ng'ombe ni namba ngapi katika kitabu chenu?"

"Wimbo upi?"

Nikajaribu kuuimba kidogo. Alinitazama, akashika tumbo kwa mikono miwili. "Baba watoto, usinichekeshe, nyuzi zitakatika! Huo si wa kitabu. Ni wa wazungu, wa gitaa. Wa mapenzi."

"Mapenzi ya nani?"

"Mwanamume anamwambia mwanamke kwamba nyumba imenyamaza tangu aondoke."

Akanieleza kwamba jirani yao kule kwenye nyumba za wafanyakazi alikuwa na redio kubwa, na Jumapili mchana aliiweka dirishani mstari wote wa nyumba usikie. Wimbo huo ulipokuwa mpya ulichezwa hadi wasichana wakaushika bila kujua Kiingereza. Maneno alikuja kuelezwa baadaye. Alipoolewa hakuja na redio. Alikuja na sauti hiyo tu, akaanza kumwimbia ng'ombe huyu tangu akiwa ndama.

Mama wa kitanda cha pili, mchumaji chai, akadakia. "Mzee, huo hata nyani wa msituni wanaujua! Kwetu mwalimu na bibi harusi wake waliingia kanisani kwa wimbo huo."

"Kanisani?"

"Kanisani kabisa. Na mchungaji alikuwa anatikisa kichwa, hivi."

Wakaanza kunifundisha, mmoja akiimba, mwingine akinisahihisha. Nikiwa na koti langu na Biblia magotini, nikafuata. Muuguzi akaingia. "Nani anafanya kelele hapa?" Tukanyamaza kama watoto wa shule. Akatuangalia mmoja mmoja. "Mmekosea katikati," akasema. "Pale hampandi mara moja. Mnangoja kwanza." Akaimba kipande hicho mwenyewe, akirekebisha shuka, kwa sauti nyembamba nzuri. Alisema chuoni kwao walikuwa wakiuimba wakifua sare.

Jioni ile nilifunga mlango wa zizi, kwa maana hiyo ndiyo njia ya watu wa maombi. Nikaketi kwenye kigoda, nikafunga midomo, nikaanza. Pale katikati nikangoja kwanza. Ng'ombe aligeuza sikio moja. Akaacha kurusha mkia, akaanza kucheua. Nikahisi chuchu zikijaa mikononi mwangu, na maziwa yakapiga ndoo kwa ile sauti nzito ambayo sikuwa nimeisikia tangu mke wangu aondoke.

Nje mama mmoja wa kwaya yetu, akienda mazoezini, alisimama. "Mzee, huo ni wa Jumapili ijayo?"

"Ni wa ng'ombe," nikajibu. "Endelea tu mama, nakuja."

Mtoto alikunywa akalala huku kikombe kikiwa bado mdomoni. Mama alichukua maziwa yaliyobaki akayatia kwenye kibuyu, yagande yawe mursik ya kumpokea mke wangu.

Mke wangu aliporudi, kidonda hakikumruhusu kuketi kwenye kigoda. Aliegemea nguzo ya zizi akaimba, nami nikakama. Siku hiyo nilimwomba aniambie tena maneno yale yanasema nini, ingawa nilikumbuka.

Ng'ombe yule hayupo tena, na mtoto sasa ana watoto wake. Siku hizi redio hupiga wimbo huo katika kipindi cha nyimbo za zamani. Ukianza, mke wangu huacha anachofanya na kuniambia, "Baba watoto, chukua ndoo."

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana aijaze ndoo yako. Asiiache nyumba yako inyamaze muda mrefu, na uliye mbali naye amrudishe kwako akiwa mzima. Amina.