Kijicho cha Mkata Mawe

Kazi yake ilikuwa kukata mawe, kwa hiyo watu walimwita Msumeno, na jina likamganda hata mkewe akawa hamwiti lingine. Alifanya kazi kwenye ghala la mabati pembezoni mwa mji, ambako kampuni ya kutafuta madini ilikuwa ikileta mawe yaliyochomolewa ardhini kwa mashine ya kuchoronga. Mawe yenyewe yalitoka marefu na ya mviringo, kama mipini ya majembe. Msumeno aliyalaza moja moja chini ya msumeno wa umeme, maji yakitiririka juu yake ili vumbi lisipande, akayapasua katikati kwa urefu wake. Nusu ilitiwa kwenye mfuko wa kwenda maabara. Nusu ya pili ilirudi kwenye sanduku lake, na ubavuni mwa sanduku akaandika kwa rangi jiwe limetoka kina gani. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Angeweza kufumba macho, akashika kipande, akakwambia kimetoka juu au chini.

Walichokuwa wakitafuta ni madini adimu, yale ambayo hutumika kutengeneza sumaku za simu na za magari ya umeme. Hiyo ilikuwa kampuni ya tatu kwenye kilima kile kile. Mbili za kwanza zilikuja na magari mapya na kofia mpya, zikapiga picha, zikaondoka. Msumeno akabaki na mawe.

Sasa, Msumeno alikuwa na mwanyumba wake, yaani mume wa mdogo wa mkewe, na huyo alikuwa fundi simu mwenye kibanda kidogo karibu na stendi. Kwa miaka mingi mambo kati ya wanaume hao wawili yalikuwa wazi. Msumeno ndiye mwenye mshahara. Wakienda kwa mama mkwe wao, Msumeno ndiye aliyeulizwa habari kwanza, ndiye aliyekaa kiti chenye mito, na Fundi Simu akajisogezea kigoda kilichobaki. Msumeno hakujigamba kwa hilo. Lakini alikijua kiti chake.

Siku moja Fundi Simu alifungua spika ya simu mbovu, akatoa kisumaku kidogo kama punje ya dengu, akauliza kama hiki nacho kinatokana na mawe yale ya kilimani. Msumeno akafurahi kuulizwa. Akamsomesha karibu saa nzima, kwamba ndiyo, ndiyo hayo hayo wanayoyatafuta, na hakuna simu isiyokuwa nayo duniani kote. Alipomaliza akacheka, akasema kilima kile kimekwisha kula kampuni mbili na hiyo ya tatu kitaila vilevile. Fundi Simu alishika lile la kwanza, la pili likampita. Wiki iliyofuata aliuza pikipiki yake, akaenda kwa dalali wa hisa, akanunua hisa za kampuni.

Msumeno alipoambiwa na mkewe alicheka tena. Kicheko kilimkauka mwezi wa tatu. Zilianza tetesi kwamba kiwanda kikubwa cha magari huko ng'ambo kinataka kuununua mradi wote. Zikafuata nyingine kwamba nchi kubwa zinagombania madini hayo, na atakayechelewa atajuta. Wawekezaji ambao hawajawahi kukanyaga kilima, na ambao pengine wasingejua kulitamka jina lake, wakaanza kusukumana mlangoni. Kila tetesi ilipotoka, bei ilipanda. Ghalani halikubadilika jiwe hata moja, na shahidi alikuwa Msumeno.

Fundi Simu akauza sehemu ya hisa zake, akatoka kibandani, akafungua duka lenye mlango wa kioo. Akaezeka upya nyumba ya mama mkwe. Mke wa Fundi Simu akabadilisha mwendo, au ndivyo Msumeno alivyoona.

Hapo ndipo kijicho kilipoingia, na kilipoingia kilijitandikia kitanda kabisa. Msumeno alianza kurudi nyumbani kwa njia ndefu ili tu apite mbele ya duka na kuhesabu wateja. Asubuhi, kabla hajavaa buti, alimwuliza mlinzi wa ghala bei ya hisa imeamkaje. Ikishuka kidogo, siku hiyo alikata mawe huku anaimba. Ikipanda, sahani yake ilirudi jikoni imejaa. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba Fundi Simu hakuwa na maringo. Mbele za watu alimshika bega akasema, huyu ndiye mwalimu wangu, bila yeye nisingejua lolote. Msumeno alitabasamu, akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mimi nimeyabeba yale mawe miaka kumi na mmoja mpaka mgongo umepinda. Yeye ameyagusa kwa kidole, kwenye kioo cha simu."

Mkewe akamwuliza kwa nini basi naye asinunue angalau kidogo. Kununua kungekuwa kumfuata Fundi Simu nyuma, na hilo Msumeno hakuliweza. Baadaye hata nafasi yenyewe ikafungwa, maana mkuu wa ghala aliwakusanya wafanyakazi akawakataza kununua hisa, na akawakataza pia kusema nje wanayoyaona ndani.

Likaja shimo la ishirini na saba. Mawe yake yalifika Jumamosi asubuhi, mekundu ya kahawia, na mazito kuliko yote aliyowahi kuinua Msumeno. Mjiolojia wao, dada mmoja mpole asiyekuwa na maneno, alilowesha kipande kwa maji, akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akakilamba kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo, kisha akawapa mkono watu wote ghalani mmoja mmoja. Halafu akatoka nje kupiga simu, na walimwona akitembea huku na huku juani akizungumza kwa mikono. Msumeno hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mchana alifika nyumbani akamkuta mkewe anaanua nguo, akavunja amri ya mkuu wake pale pale kwenye kamba. "Tumelipata," alisema. "Jiwe limejaa."

Kesho yake, Jumapili, familia ilikutana kwa mama mkwe. Baada ya kula, Fundi Simu alimvuta Msumeno nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji.

"Mwanyumba, nina neno," alisema. "Dalali ananiambia nisubiri, eti matokeo ya shimo jipya yakitoka bei itapaa. Lakini dalali anatazama namba. Wewe unatazama mawe. Niuze au nisubiri?"

Msumeno alikuwa na muda wa kufikiri, na baadaye hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote. Ulimi haukuteleza. Alimtazama mwenzake, akaona duka la pili, akaona ghorofa, akajiona mwenyewe uzeeni akiomba kazi ya ulinzi kwenye geti la ghorofa hilo. Akashusha sauti.

"Uza. Uza zote kesho asubuhi. Shimo lile halina kitu."

"Una hakika?"

"Nimelikata kwa mkono wangu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililoushikilia uongo usianguke. Jumatatu Fundi Simu aliuza hisa zote zilizobaki. Wiki ile Msumeno alikula akashiba, akalala kama mtoto. Aliisubiri siku ya matokeo kama watu wanavyosubiri mshahara. Hata maneno ya kumpa pole mwanyumba wake alikuwa ameshayapanga.

Matokeo yakatoka Ijumaa ya pili. Uzito wote ule ulikuwa chuma. Madini adimu yalikuwa humo, lakini machache kuliko hata ya mashimo ya zamani. Siku hizo hizo kiwanda cha magari kikasema hakijawahi kuzungumza na mtu yeyote kuhusu kununua mradi. Wawekezaji waliokuwa wakisukumana kuingia, sasa wakasukumana kutoka. Katika siku tatu hisa zikawa makaratasi. Dalali, aliyekuwa amezishika za kwake kwa mikono miwili, alifunga ofisi. Mjiolojia alijifungia chooni nusu saa, akatoka macho mekundu, akaanza kupanga vitabu vyake kwenye boksi. Ghala lingefungwa mwisho wa mwezi.

Alasiri moja Fundi Simu alifika nyumbani kwa Msumeno pamoja na mkewe. Alimpa mkono, na mkono wa pili akauweka juu ya huo. Alisema anajua kwamba wafanyakazi walikatazwa kusema, na mtu aliyeihatarisha kazi yake kwa ajili ya mwenzake huyo si mwanyumba tena, ni ndugu wa tumbo moja. Shemeji alijaribu kusema naye, machozi yakamzuia. Mama mkwe alikuwa ametuma salamu kwamba mkwewe ana moyo mweupe. Msumeno aliyapokea yote kwa tabasamu la mtu anayeumwa jino.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliwaandalia wageni, akangoja waondoke.

"Jumamosi uliniambia jiwe limejaa."

Msumeno akakusanya vikombe.

"Jumapili ukamwambia halina kitu."

"Na kweli halikuwa na kitu."

"Jumapili ulikuwa hujui," mkewe alisema, akampokea vikombe mikononi akaenda kuviosha.

Hakulirudia tena. Alipika, akafua, akamwamsha asubuhi, lakini hakumtazama usoni. Na Msumeno akagundua jambo ambalo hakulitegemea, kwamba kijicho hakijatoka. Alidhani kitakufa bei ikianguka, au kitakufa kwa kushukuriwa. Sasa alimwonea mwenzake wivu kwa kitu kingine: kwamba anaweza kushukuru kwa moyo mzima, hana anachoficha, na usiku analala.

Ghala lilipofungwa, Fundi Simu alimtumia ujumbe kwamba anafungua duka la pili, na msimamizi anayemtaka ni yeye. Msumeno alikaa na ujumbe ule siku mbili. Siku ya tatu, saa sita mchana, alikwenda dukani. Fundi Simu alikuwa peke yake, amefungua simu, bisibisi mkononi.

"Lile shimo," Msumeno alisema akiwa bado amesimama. "Siku ile nilikuwa naamini limejaa. Nilikwambia uuze ili ukose."

Fundi Simu alikaza skrubu aliyokuwa ameianza, akakaza na ya pili.

"Kwa nini?"

"Kijicho."

Mteja aliingia kuuliza chaja, akahudumiwa, akatoka. Fundi Simu akaifunika ile simu kwa kitambaa.

"Kumbe nilimpa mchawi mtoto amlee," alisema taratibu. "Na mtoto akanenepa."

Palikuwa na cha kuchekesha hapo, na wote wawili walikiona, lakini hakucheka mtu. Msumeno akasema hakuja kwa ajili ya ile kazi. Fundi Simu akajibu kwamba hata angekuja kwa ajili yake, sasa asingempa. Hawakutukanana. Msumeno alitoka akaufunga mlango wa kioo polepole, akihofia utalia.

Jioni alimweleza mkewe alikotoka na alichosema. Mkewe aliacha kazi aliyokuwa akiifanya, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vikombe, kisha akamwuliza kama amekula.

Fundi Simu hakumwambia mtu, hata mkewe. Ndiyo sababu mama mkwe mpaka leo humsifu Msumeno kila wakikutana, kwamba huyu aliwaokoa wenzake, na Msumeno huzisikiliza sifa hizo mbele ya wawili wanaojua, mkewe na mwanyumba wake. Fundi Simu hutazama pembeni. Hajamwuliza ushauri tena wa jambo lolote, hata la mvua.

Msumeno alipata kazi kwenye karakana ya vigae vya sakafu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshazoea. Husema wivu haujamtoka na hadhani utatoka. Alichobadilisha ni kwamba siku unapompanda humwambia mkewe, naye humsikiliza bila kumpamba wala kumpaka matope. Mwaka uliopita Fundi Simu alifika karakanani kuagiza vigae vya duka la tatu. Alitoa vipimo, akalipa bei iliyoandikwa ukutani, hakuomba kupunguziwa wala hakukaa. Vipimo vilionyesha duka hilo ni kubwa kuliko nyumba ya Msumeno. Msumeno alivikata vigae vyote mwenyewe, siku mbili nzima, na kimoja alichokikosea kwa milimita moja akakitupa, akakata kingine.