Lupango lenye Mteremko

Mitambo ya madini mjini Likasi ilipoanza kunyamaza na mishahara ikapotelea hewani, Stanislas alibaki na pikapu yake, Peugeot iliyochakaa, akibeba makaa na unga wa mahindi kutoka Mulungwishi. Hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Tatizo ni kwamba pikapu haikuwa na pa kulala. Nyumba waliyopanga haikuwa na ukuta wala geti, na siku hizo gari lililoachwa barabarani usiku liliamka halina magurudumu. Kwa hiyo Stanislas alilala mlemle garini, magoti kifuani, amekumbatia betri kama mtoto mchanga.

"Weye uliowa minye ao uliowa motokari?" mkewe Gertrude alimwuliza.

Swali lilimchoma, maana alimpenda. Akamwendea Rolly, mtu aliyeishi kwa kutafutia wenzake nyumba za kupanga. Akamwambia anataka lupango, uwanja wenye ukuta na geti, na parking nzuri. Basi. Jambo lenyewe hakulisema: pikapu haikuwaka kwa ufunguo. Ilibidi iachwe kilimani, iserereke yenyewe, ndipo ingurume. Dereva mwenye heshima zake hatangazi mambo kama hayo, wateja wangemkimbia.

Rolly, maskini, akamtembeza kwenye viwanja bapa vya saruji, bapa kama meza. Stanislas alivikataa vyote. Geti hili lina kutu, jirani yule ana mbwa.

"Papa Stanis, unatafuta parking ao unatafuta mbingu?" Rolly alifoka.

Ikabaki nyumba ya Mama Hortense, mjane mshika kanisa. Rolly alitangulia kumwonya mama huyo kwamba mpangaji huyu ana shida kubwa na parking. Mama Hortense akaona haya, kwani uwanja wake uliteremka kuanzia ukuta wa nyuma hadi getini, na wenye magari wote walikuwa wameukimbia. Akawaita wenzake wa maombi, waje na koleo na makarai.

Stanislas alipofika na Gertrude, aliuona ule mteremko, moyo ukamruka kwa furaha. Kisha akawaona akina mama wakiimba na kumwaga udongo upande wa chini, wakiusawazisha.

"Acheni! Bamama, acheni ile udongo! Munaniharibia parking!"

Wimbo ukakatika. Mama Hortense akashika kiuno. "Tunakutengenezea, na weye unatupigia makelele? Toka mu lupango yangu!"

Gertrude akageuka kuelekea getini. Stanislas akaona kitanda kinamponyoka. Akameza kiburi chake, nacho kilikuwa kikubwa.

"Mama, unisamehe. Motokari yangu haiwakake. Bila mulima, haiendake."

Mama Hortense alimkodolea macho, halafu akaangua kicheko. "Ah! Njo weye wa ile motokari ya kusukuma? Likasi muzima tunaijua! Minye mwenyewe niliisukuma pale ku soko!"

Akina mama wakacheka hadi koleo zikawatoka mikononi. Rolly peke yake hakucheka. Miguu ilikuwa inamuuma. Wakauzoa udongo wote, wakaupandisha kwenye ukuta wa nyuma, na mteremko ukazidi kuwa mkali. Jioni wakaisukuma pikapu mpaka juu, mawe chini ya magurudumu, pua ikitazama geti.

Asubuhi Mama Hortense alifungua geti. Wenzake wakaingia, wakapanda nyuma ya pikapu na vikapu vyao vya soko. Walisema wameisukuma vya kutosha, leo iwabebe. Mama Hortense akagonga dirisha la wapangaji wake wapya. Gertrude akatoka polepole, kidole mdomoni, uso umejaa tabasamu.

"Mama, acha alale kwanza. Leo njo amenyoosha miguu."

Mama Hortense akaketi juu ya jiwe. "Basi alale. Mulima haitakimbia."