Marahaba Niliyoitia Kwenye Chungu cha Wote

Jamani, niachieni jina langu, lakini kosa nawapa lote. Nilimwitikia mzee "marahaba" kabla hajaniamkia, tena mzee mwenye neno la mwisho kama nitapewa mke au la!

Miaka ile intaneti kafe zilikuwa ndiyo kwanza zinachipuka Singida mjini, na mimi nilikuwa fundi wa tovuti katika mojawapo, karibu na stendi. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijengea tovuti zote kiunzi kimoja, na vile vipande vinavyotumika kila mahali, kama salamu ya mlangoni, fomu ya oda na picha, niliviweka kwenye folda moja niliyoiita Chungu. Ukigusa kipande kilichomo Chungu, tovuti zote zinabadilika kwa pamoja.

Halima, niliyekuwa nafanya naye kazi, alinionya mapema. "Kitu cha mteja mmoja kitengenezee plagini yake, kipande cha pembeni cha tovuti hiyo tu, ikae kwenye folda yake. Chungu ni cha wote, usikitie kidole."

"Najua ninachofanya, dada," nikamjibu. Lo! Nilijua nini mimi?

Sasa, nina rafiki yangu Shabani, muuza kuku wa Mwankoko. Nimemzidi miezi mitatu tu, basi kila siku namdai shikamoo na yeye kila siku ananicheka. Nikaona leo namkomesha. Tovuti niliyomtengenezea ilikuwa inasema "Karibu." Nikaandika: "Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekumbuka kuniamkia?" Kumtengenezea plagini yake kungenichukua nusu saa. Mimi nikafungua Chungu, nikabadilisha mlemle, dakika moja, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nikasahau kuwa salamu ileile ndiyo iliyokuwa mlangoni mwa tovuti ya baba yake Rukia!

Rukia ndiye niliyekuwa nimepeleka posa kwao. Baba yake ana mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, na tovuti nilimtengenezea bure, sababu mnaijua. Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya swala, akaja kafe na ndugu zake awaonyeshe kazi ya mkwe kabla hawajatoa jibu. Mbele yao alikuwa baba mkubwa wa Rukia, yule mwenye neno la mwisho, aliyefika asubuhi kwa basi kutoka Kiomboi, kanzu imenyooka, bakora mkononi.

Nikaifungua kwa mbwembwe. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Ma-ra-ha-ba, mjukuu wangu." Akawageukia ndugu zake. "Kwani mimi nimemwamkia nani?"

"Baba, si mimi, ni plagini..." Uongo mtupu! Ingekuwa plagini nisingefika pale.

"Plagini ni mtoto wa nani? Mwite hapa."

"Ni kompyuta, baba."

"Ina umri gani hiyo kompyuta?"

"Miaka mitatu, baba."

"Miaka mitatu, halafu niiamkie mimi!" Bakora ikagonga sakafu. Halima alikuwa amejificha nyuma ya printa, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Kwa kiherehere nikafungua Chungu palepale, nikaandika "Shikamoo, babu." Mzee alikuwa ameshatoka nje. Aliacha neno moja tu: jibu la posa hakuna mpaka niende Kiomboi, niwaamkie wazee wote wa ukoo, nyumba kwa nyumba. "Kwa mdomo wako," alisema, "siyo kwa hiyo miaka mitatu."

Nikaenda. Nyumba kumi na moja, mpaka sauti ikakauka. Ya mwisho ilikuwa yake. Nikaamkia, akaendelea kumenya karanga. Nikaamkia tena, akachukua karanga nyingine. Nilitaka kulia, nasema kweli, maana nilimwona Rukia ananiponyoka kwa ajili ya uvivu wa dakika moja. Mara ya tatu ndipo aliponitazama.

"Marahaba, mkwe."

Mafundi wenzangu, utani wa mtu mmoja msiupike kwenye chungu cha wote. Kila kitu kiwe na folda yake, hata kama nusu saa inauma! Mimi nimepona, Rukia ni mke wangu na amenisamehe. Asiyenisamehe ni Shabani. Ile "Shikamoo, babu" ya kiherehere ilitokea mpaka kwenye tovuti yake ya kuku. Akaichapa kwenye karatasi, akaibandika kwenye mlango wa banda, na kila nikipita, kabla sijafungua mdomo, ananiitikia.

"Marahaba, mjukuu wangu!"