Abiria wa Gari la Majaribio

Mjomba wangu Enoch Tunnicliffe alikuwa mwendesha magari ya farasi ya matajiri kabla motokaa hazijazoeleka Derby, Uingereza. Farasi walipouzwa, kiwanda kimoja cha pale mjini kikamchukua awe dereva wa majaribio, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi na hakuwa mlevi. Kazi yake ilikuwa kuyachosha magari ya kifahari kabla matajiri hawajayatia machoni. Asubuhi anapanda milima ya Buxton, mvua isimzuie wala theluji. Jioni anarudi kueleza kinacholia, kinachotikisika na kinachopata moto.

Mwaka 1911 alipewa gari ambalo halikuwa na jina bado. Bodi yake ilikuwa ya mbao tupu, haijapakwa rangi, na viti vya nyuma vilipakiwa magunia ya mchanga badala ya abiria. Injini ilikuwa kimya mno. Likipita, kondoo hawainui vichwa. Wilf Gratton, fundi aliyekaa kando yake, alisema halipendi gari ambalo ndani yake mtu anasikia meno yake mwenyewe.

Siku moja ya ukungu walisimama kunywa chai kwa Bi Fearn, mjane mwenye mgahawa njia panda kule nyikani. Mama yule akaleta vikombe vitatu, akauliza kama yule bibi wa nyuma hatashuka apate joto.

"Bibi gani, mama? Yale ni magunia," mjomba akasema.

"Magunia hayavai kofia, baba."

Wilf alicheka mpaka chai ikampalia. Njia nzima ya kurudi akawa anamtania: "Mzee wa farasi, kumbe umeficha mchumba humo. Mkeo ana habari?"

Lakini wiki ileile mchunga kondoo aliwapisha njiani, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Hakuwatazama wao. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha nyuma. Utani wa Wilf ukaishia hapo.

Kisha wakuu wakataka gari lijaribiwe bila mzigo. Magunia yakashushwa yote, na bado nyuma likabaki limelalia upande wa kushoto. Wilf akaingia chini, akaikagua springi, akaitoa, akafunga mpya. Likalala vilevile. Akatoka, akajipangusa mikono.

Kesho yake wakapanda tena nyikani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Katika ule ukimya mjomba akasikia nguo ikisugua kiti nyuma yake, kama mtu anayejiweka sawa safari inapokaribia kwisha. Wilf naye alisikia, maana alishika ukingo wa kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Mbele zikatokea nguzo mbili za mawe, lango la jumba lililokwisha kuanguka zamani. Hapo mjomba akaguswa begani. Ulikuwa mguso mdogo wa ncha ya mwavuli, ambao kila mwendesha farasi wa mabibi anaujua maana yake: simama hapa.

"Usisimame, Enoch," Wilf akanong'ona. "Nakuomba, kaka, usisimame."

"Mtu akitaka kushuka, anashushwa."

Akalisimamisha gari, akashuka, akavua kofia na kufungua mlango wa nyuma.

"Tumefika, bibi. Angalia, pana utelezi."

Springi ya kushoto ikalia kidogo, gari likainuka, likakaa sawa. Ikapita harufu ya koti la manyoya lililolowa mvua. Mjomba akangoja kadiri adabu inavyotaka, ndipo akafunga mlango taratibu.

Wilf aliomba kuhamia karakana ya kumimina chuma, na hakupanda gari tena maishani. Hata siku ya harusi yake alikwenda kanisani kwa miguu. Mjomba aliendelea na majaribio mpaka macho yakamchoka. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kama aliogopa. Akasema moyo ulitulia, ila mkono ulitetemeka hata akakosa kitasa mara ya kwanza, na aliona haya kumngojesha yule bibi. Gari lenyewe alilisifu sana. Kasoro yake, alisema, ilikuwa breki za nyuma: hazikuwa na nguvu za kutosha kwenye mteremko.