Nilivyojifunza Gitaa kwa Santuri za Mkahawani

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu dansi. Ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa makuti hapa Bagamoyo, nami nimetoka Zinga nilikokuwa nikifua nazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina mke, na kwenye nazi sikutaka kurudi. Bendi ilihitaji mpigaji wa gitaa la kwanza, yaani lile linalomjibu mwimbaji. Nikapewa.

Ninyi vijana mna nyenzo za kila namna. Sisi tulishika kwa sikio, nota hatukuzijua hata kwa kuziona. Ukitaka wimbo unakwenda penye gramafoni, unasikiliza, unaondoka unauimba mdomoni usije ukaudondosha njiani, kisha unautafuta kwenye nyuzi. Chuo changu kilikuwa mkahawa mmoja karibu na soko. Mwenye mkahawa alikuwa na santuri tano, na mashine hakuigusa mtu ila yeye. Miezi mingi nilikunywa chai nisiyoitaka, mpaka nyimbo zote tano nikazijua.

Basi siku hiyo tulianza vizuri, watu wakajaa ukumbini. Tulipofika ubeti wa mwisho nikafanya kama nilivyojifunza: nikapunguza mwendo, na vidole nikavirudisha kidogo kidogo kuelekea kichwa cha gitaa ili sauti ishuke. Mpiga ngoma akaendelea na mwendo wake. Mwimbaji akabaki juu peke yake. Wachezaji wakagongana, mama mmoja akavua viatu akatoka nje. Wimbo wa pili, vivyo hivyo.

Kiongozi wa bendi, fundi cherehani mwenye ulimi mkali, akanivuta pembeni.

"Mbona mwishoni unazama?"

"Ndivyo wimbo ulivyo, Bwana Kiongozi."

"Nani kakwambia?"

"Nimeusikia kwenye santuri. Zote zinaisha hivyo."

Akauliza ni santuri za wapi. Kesho yake asubuhi tukaenda pamoja mkahawani. Alimwamkia mwenye mkahawa, wakaulizana hali za nyumbani, kisha akamwomba aweke wimbo ule ule. Mzee akatia ufunguo, yaani akazungusha ule mkono wa kukaza springi, mara sita tu. Siku zote alikuwa akiogopa springi isikatike. Ubeti wa mwisho ulipofika, wimbo ukaanza kuzama. Kiongozi akaomba ruhusa, akatia ufunguo mwenyewe mpaka mkono ukagoma, akarudisha sindano mwanzo. Wimbo ukaenda mpaka mwisho bila kulegea. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sikio lako zima kabisa," Kiongozi akasema. "Limeshika mpaka ugonjwa wa mashine! Nakupa mpaka Idi. Ukizama tena, rudi Zinga kwenye nazi zako."

Kusahau kulikuwa kugumu kuliko kujifunza. Vidole vilirudi nyuma vyenyewe. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, Kiongozi alinikalisha kibarazani kwake nipige ubeti wa mwisho tu, naye akigonga mkasi mezani kushika mwendo. Nikilegea ananitukana, wala hachagui neno. Nilimchukia, nakiri. Idi ilipofika nikapiga nyimbo zote tano sawasawa, naye akaniambia, "Kesho njoo mapema." Hakuongeza lingine. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepata kazi.

Kazi hiyo ilinilisha miaka mingi. Nilipiga kwenye bendi mbili za Dar es Salaam, kisha nikarudi Bagamoyo. Kiongozi alikwisha kufariki, nikakuta vijana wameunda bendi yao. Waliniita Mwalimu, na nyuzi za magitaa yao yote walizikaza kwa kufuata sauti ya langu.

Mara yangu ya mwisho ilikuwa harusini Mlingotini. Alialikwa mpigaji wa kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua kifuani. Sauti ya kodiani haikazwi wala hailegezwi, ipo kama ilivyotoka kiwandani. Tukapiga kidogo, akasimama.

"Shikamoo Mwalimu. Niwie radhi. Mbona magitaa yenu yote yako chini?"

Nikawageukia vijana. Wote wakainamisha macho. Mpiga besi ndiye aliyejikaza kusema.

"Tusamehe, Mwalimu. Sikio lako limeanza kushuka tangu mwaka juzi. Tuliona vibaya kukwambia, tukawa tunalegeza nyuzi zetu tukufuate wewe."

Nilikasirika, kisha nikalia mbele yao, wala sioni haya kuliandika. Kiongozi angenitukana siku ile ile ya kwanza. Hawa walinistahi miaka miwili, na sijui mpaka leo ni nani aliyenipenda zaidi. Nilimpa gitaa kijana aliyenifuatia, nikamwomba mwenye kodiani atoe sauti, nikawaamuru wote wakaze upya. Wakakaza, wakapiga. Kwa nyuso za watu niliona kwamba sasa iko sawa. Mimi sikusikia tofauti yoyote.