Maneno Yaliyobakizwa na Mchwa

Mungu alimpa Wenseslaus kihamba kizuri cha migomba na kahawa hapa Kilema, mke mwenye subira, na mdomo. Vile viwili vya kwanza vingemtosha.

Balaa lilianza na kamusi ya Kiingereza, miaka ile vita ya Hitla ilipokwisha. Padri mmoja aliyehamishwa aliiacha, na Wenseslaus akaiokota kama mtu aliyeokota almasi. Mchwa walikuwa wamemtangulia. Walikula kila ukurasa upande wa maana, wakamwachia upande wa maneno. Mtu mwingine angeitupa. Yeye aliyakariri yote, na kadiri neno lilivyokuwa refu ndivyo alivyolipenda. Kwenye ghala la kahawa, alikokuwa karani wa mizani, mkulima akiuliza mbona foleni haisogei, alijibiwa, "Notiwithistandingi." Tukijibiwa hivyo tulinyamaza, maana nani alitaka kuonekana mshamba? Ukimwuliza maana yake alitabasamu kwa huruma. "Hilo ni la ndani sana, ndugu yangu." Katika maneno yote ya dunia hii, "sijui" ndilo pekee alilokuwa hana.

Siku ya ubatizo wa mwanawe Rogath, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa imeshazunguka vya kutosha, alisimama kumsifu mkewe. "Salvina wangu," alitangaza, "ni palkritudinasi!"

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Neno lenye mikwaruzo namna ile lingekuwaje sifa? Mmoja alidhani ni ugonjwa wa kuku. Miaka mingi baadaye padri mwingine aliniambia kumbe ni mtu mwenye sura nzuri, lakini siku ile hakuna aliyejua, na huyo msemaji akiwa wa kwanza.

Wageni walipoondoka, Salvina aliuliza ameitwa nini mbele za watu.

"Hilo ni la ndani sana, mama Rogath."

Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni akaenda kwao Uru. Alisema atarudi siku atakapoambiwa maana.

Mwanzoni nilimcheka Wenseslaus, mimi jirani yake. Alijipikia ndizi zikaungua nje na kubaki mbichi ndani, na kwa hilo hakuwa na Kiingereza chochote. Kisha nikamkuta ameketi mlangoni na kofia ya mtoto mkononi. Nilimhurumia kweli.

Tukaondoka kwenda Uru, kibuyu cha mbege nimebebeshwa mimi. Tulipopita Moshi mjini, alimwendea Mwingereza mmoja mnunuzi wa kahawa akamwuliza lile neno. Mzungu alifikiri, akasema hajui, akacheka, akarudi kwenye chai yake. Wenseslaus alitoka ameduwaa. Kumbe mwenye lugha yake anaruhusiwa kutojua, tena bila chai kupoa.

Kwa mkwewe, mzee Theodory, tulitoa shikamoo, kisha Wenseslaus akatoa jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Uchagani anayeomba msamaha kwa jani hilo harudishwi, hata awe mpumbavu kiasi gani. Mzee alilipokea akashusha pumzi.

"Yamekwisha, mwanangu. Mchukue mkeo."

"Jani umelipokea wewe, baba," Salvina alisema kutoka jikoni. "Mimi nilidai maana."

Wenseslaus alifungua mdomo. Niliona kabisa neno refu likimpanda kooni, nikakikumbatia kibuyu changu. Akamtazama mtoto, akalimeza.

"Sijui," alisema. "Hata hayo mengine, mama Rogath. Sijui hata moja."

Salvina alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaenda kuchukua kikapu chake.

Njiani alimwuliza, "Na siku ile ulitaka kusema nini?"

"Kwamba wewe ni mzuri."

"Kwani Kichaga kilikuwa kimekwisha?"

Wenseslaus alimchukua mtoto mgongoni kwake, akambeba yeye mpaka tukafika Himo, karibu na kwetu.