Kozi Niliyomfutia Binti Yangu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nyingi kati ya hasira zangu ni woga tu uliovaa koti. Nasema hivi mapema ili usinihurumie bure.

Binti yangu alipopata matokeo ya kidato cha nne, alisema anataka kusomea uhandisi wa vyombo vya anga. Wakati huo nilikuwa nimelala chini ya trekta la mtu, katika karakana yangu hapa Kitale, nikacheka mpaka mafuta yakaniingia jichoni. "Anga? Si utengeneze kwanza hii ifike shamba." Akainama, akachungulia, akaniambia shida iko kwa pampu ya dizeli. Ilikuwa pampu kweli. Sikumwambia.

Hata hivyo tulienda naye saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, kuchagua kozi za chuo kikuu. Nafasi zilikuwa sita. Ya kwanza akaweka hiyo ya anga, ya pili uhandisi wa mitambo, zikafuata nyingine, na mwisho kabisa, kwa kunifurahisha mimi, ualimu wa fizikia na hisabati. Mama mwenye saiba akaandika neno la siri la binti yangu kwenye daftari kubwa, pamoja na yale ya watoto wa mtaa mzima, kwa sababu watoto husahau. Wiki hiyo hiyo binti yangu akaenda Bungoma kwa dada yangu, afundishe fizikia kwa muda katika shule iliyokosa mwalimu huku akisubiri majibu.

Alipoondoka, mawazo yakaanza. Zamani zetu fomu ilijazwa kwa kalamu, na mimi nilijaza uhandisi juu mpaka chini. Sikuitwa popote. Toka siku hiyo nikaamini kwamba ukianza na kozi kubwa ukaikosa, fomu yote inatupwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliamua mwenyewe, nikazeeka nayo. Halafu Jumapili, nje ya kanisa, mzee mmoja wa kwaya akaniuliza msichana amechagua nini. Nilipomjibu akasema, "Hiyo ni ya watoto wa Nairobi, bana." Nikamkasirikia, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa nakubaliana naye.

Kesho yake, siku mbili kabla ya mtandao wa maombi kufungwa, nikaenda saiba peke yangu. Nikasema nataka kubadilisha.

"Msichana amekubali?" mama yule akauliza.

"Mimi ni baba yake."

Kwetu hilo ni jibu. Akafungua daftari lake. Nikamwambia afute ile ya anga, apandishe ualimu juu kabisa. Mshika mbili moja humponyoka, nikajiambia, na nikatoka pale nimenyoosha mgongo, mwanamume aliyezuia ajali. Sikumpigia binti yangu simu. Nilipanga kumwambia siku atakayokuwa amefurahi.

Majibu yalipotoka, yeye ndiye aliyenipigia. "Baba, wamenipatia ualimu," akasema kwa sauti ndogo. "Ya anga nimekosa. Hata ya mitambo nimekosa. Pole, baba. Nilikuwa nimekuambia nitaweza."

Mimi, mdomo mrefu wa karakana nzima, nikasema si kitu, ualimu ni kazi ya heshima. Akasema asante. Hiyo asante ilinichoma kuliko tusi.

Nilirudi saiba kujitafutia faraja. Mama yule akanifungulia pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa kozi ya anga. Za binti yangu zilikuwa juu ya zake. Nikauliza, na kama angekosa, si angetupwa?

Akanitazama. "Atupwe wapi? Ukikosa ya kwanza inakushusha ya pili, ukikosa ya pili inakushusha ya tatu. Ualimu ungemngoja tu hapo chini, mzee."

Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akaniuliza kama nataka maji.

Zilikuwa zimebaki siku chache za kuomba kuhama kozi, kwa hivyo nikafunga karakana nikaenda Bungoma. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya dada yangu akisahihisha madaftari. Nikamwambia aombe kuhama. Akakataa. Alisema pointi hazikutosha, ya nini kujiaibisha mara mbili? Nikaona kwamba nikinyamaza, kazi niliyoianza saiba nitakuwa nimeimaliza. Nikamwambia yote: lile daftari, mzee wa kwaya, fomu yangu ya zamani. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini sikulia. Nilieleza haraka haraka, nikitafuta mahali pa kujitetea, na sikupaona.

Hakuinua sauti. Alifunika kalamu yake.

"Wiki tatu najiona mjinga," akasema. "Kila nikisimama mbele ya hawa watoto. Ningekosa mwenyewe, baba, kukosa kungekuwa kwangu."

Aliomba kuhama. Wakamjibu nafasi zimejaa.

Sasa yuko mwaka wa tatu wa ualimu, anafanya vizuri, na watu wananipongeza kanisani. Kinyongo sikioni. Akija likizo anapika, anatania, anashika spana kama zamani. Ila zamani alikuwa akiniuliza kila kitu, mpaka rangi ya viatu vya kununua. Mwaka jana aliugua huko chuoni, akalazwa siku nne, na mimi nikajua alipokuwa amesharudi darasani. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia, alisema hakutaka kunisumbua, na akanimiminia chai. Siku hizi mambo yake ananiambia yakishakwisha.